Njia Mbili, Umeme Kiduchu: Elektroni Inapojizuia Yenyewe Ndani ya Molekuli

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu na elektroni. Oktoba ya mwaka huohuo, Tuzo ya Nobel ya Fizikia ikaenda kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, walioonyesha tabia za kwanta katika saketi kubwa kiasi cha kushikika mkononi. Tangu hapo neno "kwanta" limekuwa kama chumvi, kila mtu ananyunyizia chungu chake. Kuna kompyuta za kwanta, kuna hata "tiba za kwanta" (hizo zikimbie), na katikati ya kelele hizo zinapita habari za watu wanaopitisha umeme kwenye molekuli moja na kudai kwamba elektroni humo ndani "zinaingiliana zenyewe kwa zenyewe". Msomaji anabaki akijiuliza: elektroni inajigawa? Umeme unapotelea wapi? Na hii ndiyo kompyuta ya kwanta au ni kitu kingine?

Ni kitu kingine. Na ukiondoa maneno makubwa, kiini chake kinaeleweka kwa mtu yeyote anayeweza kuhesabu mpaka sita.

Tuanze na majina. Molekuli ni atomu kadhaa zilizoshikana kwa bondi. Elektroniki ya molekuli moja ni kazi ya kuchukua molekuli moja tu, kuibana katikati ya ncha mbili za chuma, mara nyingi dhahabu, kisha kuweka volti kidogo na kupima umeme unaopita. Wepesi wa umeme kupita tutauita upitishaji. Upitishaji ukiwa mkubwa, umeme unapita kwa urahisi. Ukiwa mdogo, unakwama. Neno la tatu ni mwingiliano wa mawimbi, na hilo ndilo lenye mambo.

Tupa mawe mawili kwenye maji yaliyotulia. Kila jiwe linatoa duara la mawimbi, na maduara hayo yanapokutana, kuna mahali kilele cha wimbi moja kinapanda juu ya kilele cha jingine na maji yanainuka zaidi. Huo ni mwingiliano wa kujengana. Pembeni kidogo, kilele cha wimbi hili kinaangukia kwenye bonde la lile, na maji yanatulia kana kwamba hakuna aliyetupa kitu. Huo ni mwingiliano wa kufutana. Hedifoni zinazozuia kelele hufanya kazi hivyohivyo: zinasikiliza mngurumo wa nje, zinatengeneza sauti iliyopinduliwa, na sauti mbili zinapokutana sikioni mwako unasikia ukimya. Sauti juu ya sauti, jibu lake ukimya. Shika hilo.

Elektroni nayo ina tabia ya wimbi. Louis de Broglie alilipendekeza wazo hilo mwaka 1924, na mwaka 1927 Clinton Davisson na Lester Germer wakaliona kwa macho ya vifaa vyao: elektroni zilizopigwa kwenye fuwele ya nikeli zilirudi zikiwa na mpangilio ambao ni mawimbi tu yanayoweza kuufanya. Hili si nadharia inayosubiri kuthibitishwa. Limethibitishwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Sasa, fundi yeyote wa umeme anajua sheria hii: ukiwa na waya mmoja ukaongeza wa pili sambamba nao, unaofanana nao kwa kila kitu, umeme unaopita unakuwa mara mbili. Njia zaidi, umeme zaidi. Sheria hiyo haina dosari kwenye nyaya za nyumba. Ndani ya molekuli inavunjika, na inavunjika pande zote mbili. Kama elektroni ni wimbi, basi kwenye njia mbili kinachojumlishwa kwanza ni mawimbi, si umeme. Mawimbi mawili yaliyo sawa yakijengana, kimo kinakuwa mara mbili na nguvu yake mara nne. Yakifutana, unapata sifuri. Kwa hiyo kuongeza njia ya pili kunaweza kukupa zaidi ya ulichotarajia, au kukunyang'anya hata kile ulichokuwa nacho.

Mfano ulio safi kuliko yote ni benzeni, ile pete ya atomu sita za kaboni ambayo Michael Faraday aliitenga mwaka 1825. Ichore kwenye karatasi: pembe sita, uzipe namba moja hadi sita ukizunguka. Kati ya kila pembe na inayofuata kuna bondi moja. Kutoka kaboni moja hadi ile inayotazamana nayo ng'ambo ni kama nanomita 0.28 tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita.

Unganisha waya wa kuingilia kwenye pembe ya 1 na wa kutokea kwenye pembe ya 4, upande wa pili kabisa. Elektroni ina njia mbili za kuzunguka pete: kulia, bondi tatu, kushoto, bondi tatu. Njia ziko sawa, mawimbi yanafika pamoja, kilele kwa kilele. Yanajengana, umeme unapita.

Sasa hamisha waya wa kutokea pembe moja tu, uuweke kwenye pembe ya 3. Upande mmoja una bondi mbili, mwingine una nne. Tofauti ni bondi mbili. Kwa hesabu rahisi ya wanakemia, wimbi la elektroni zinazobeba umeme kwenye pete hii lina urefu wa karibu bondi nne. Bondi mbili ni nusu ya wimbi. Nusu ya wimbi maana yake kilele cha upande mmoja kinafika mlangoni wakati uleule bonde la upande wa pili linafika. Yanafutana. Molekuli ni ileile, atomu ni zilezile, dhahabu ni ileile, hakuna bondi iliyokatwa, na umeme umezuiwa.

Usiishie hapo, hamisha waya tena mpaka pembe ya 2, jirani kabisa na pa kuingilia. Upande mmoja ni bondi moja, mwingine tano. Tofauti ni bondi nne, yaani wimbi zima. Yanarudi kujengana. Binafsi hapa ndipo niliposadiki. Kama ingekuwa ni suala la umbali tu, pembe ya 3 ingekuwa katikati ya 2 na 4. Haiko katikati. Iko chini ya zote mbili.

Kwa hiyo swali la kawaida, "je, molekuli hii inapitisha umeme?", halijakamilika. Lazima uulize umeishika wapi.

Mtu makini atasema: sifuri kabisa? Hapana, na ni vizuri kusema wazi. Hesabu ya pembe sita inahusu kundi moja la elektroni, zile zinazotandazwa juu na chini ya pete. Zipo nyingine zilizo kwenye kiunzi cha bondi zenyewe, na hizo huvujisha umeme kidogo. Maabara zimepima upungufu wa takribani mara kumi, na zaidi katika baadhi ya molekuli, kati ya muunganiko wa 1 na 4 na ule wa 1 na 3. Vilevile hesabu hii ya kutembea kuzunguka pete ni kifupisho. Wimbi halitembei mara moja na kuondoka. Linazunguka, linagonga, linarudi. Kwenye molekuli kubwa yenye pete kadhaa, kuhesabu bondi kwa vidole kunaweza kukudanganya, na wataalamu huhesabu hali zote za nishati za molekuli nzima. Ila kwa benzeni vidole vinatosha.

Inajigawa au haijigawi?

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Watu wengi wakisikia "njia mbili" huwaza elektroni mbili, moja kulia na moja kushoto, zinazogongana mlangoni kama watu wawili wanaotaka kutoka kwa pamoja. Tufanye hesabu ndogo inayoliua wazo hilo.

Molekuli moja ya benzeni iliyoshikwa na dhahabu kwa vishikio vya naitrojeni, pembe ya 1 na ya 4, ina ukinzani (kinyume cha upitishaji) wa karibu omu milioni mbili. Weka volti 0.1 utapata umeme wa nanoampea 50 hivi. Umeme huo ni elektroni zipatazo bilioni 300 kila sekunde. Zinasikika nyingi mno, lakini zigawe kwenye muda: ni elektroni moja katika kila pikosekunde tatu (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Sasa, muda ambao elektroni inautumia kuvuka molekuli fupi kama hii ni wa kiwango cha femtosekunde, na pikosekunde moja ina femtosekunde elfu moja. Maana yake, kwa sehemu kubwa ya wakati molekuli haina mpitaji. Elektroni inapita peke yake, njia ikiwa nyeupe mbele na nyuma. Hakuna wa kugongana naye.

Na bado kufutana kunatokea. Basi kinachoingiliana ni wimbi la elektroni hiyohiyo moja, lililopita pande zote mbili za pete. Je, imejigawa? Hapana. Hakuna aliyewahi kukuta nusu elektroni kwenye upande mmoja wa pete. Chaji yake haipasuki. Kinachosambaa ni wimbi linaloeleza uwezekano wa kuikuta mahali fulani, na wimbi hilo ndilo linalojua njia zote mbili. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake nchini Japani walirusha elektroni moja moja kuelekea kwenye kifaa chenye njia mbili. Kila elektroni ilitua kama nukta moja, nzima. Nukta zikarundikana, na taratibu michirizi ya mwingiliano ikajitokeza. Nadhani ile picha ya nukta inaeleza jambo hili kuliko aya zangu zote.

Swali la pili linafuata mara moja: kama mawimbi yamefutana, elektroni imekwenda wapi? Haijafutika. Inarudi ilikotoka. Wimbi lililokosa pa kutokea linaakisiwa na elektroni inabaki upande wa dhahabu ilikotokea. Hakuna chaji iliyopotea, hakuna nishati iliyoyeyuka, na wala molekuli haiungui kwa kuzuia. Ukizima taa, umeme haufi ukutani, haupiti tu.

La tatu ni baridi. Kompyuta nyingi za kwanta hufungwa kwenye majokofu yanayokaribia sifuri halisi, nyuzi 273 chini ya sifuri, kwa hiyo watu hudhani kila kitu cha kwanta kinahitaji barafu. Na kweli mwanzoni ilikuwa hivyo: mwaka 1985 Richard Webb na wenzake wa IBM walipima mwingiliano wa mawimbi ya elektroni kwenye pete ya dhahabu yenye kipenyo kisichofika mikromita moja, na ililazimu kuipoza mno. Lakini pete ile ni mji mkubwa ukiilinganisha na benzeni. Kwenye njia ndefu, mitikisiko ya joto hupata nafasi ya kulivuruga wimbi kabla halijafika. Kwenye molekuli fupi, elektroni imeshapita kabla mtikisiko haujaifikia. Zaidi ya hapo, ngazi za nishati ndani ya benzeni zimeachana kwa elektronivolti (kipimo cha nishati) kadhaa, na joto la chumbani linatoa 0.025 tu. Vipimo vingi vya benzeni na ndugu zake hufanywa kwenye joto la kawaida, juu ya meza ya kawaida.

Kuhusu kompyuta ya kwanta, jibu ni fupi. Kompyuta hiyo hutumia hali za kwanta kufanya hesabu. Huku tunatumia tabia ya kwanta kufungua na kufunga umeme wa kawaida, kazi ileile ya transista ya simu yako.

Unaishikaje molekuli?

Huwezi kuichukua kwa koleo. Ujanja uliozoeleka ulielezwa mwaka 2003 na Bingqian Xu na Nongjian Tao, wakati huo wakiwa Arizona State University. Unachukua ncha kali ya dhahabu na kuigusisha kwenye bamba la dhahabu ndani ya kimiminika chenye molekuli unazotaka kuzipima. Kisha unaivuta ncha juu polepole. Dhahabu inanyooka kama gundi, inakonda, inakonda, mpaka daraja linabaki na atomu moja. Hapo upitishaji unasimama kwenye thamani moja inayojulikana sana, sawa na ukinzani wa omu 12,900. Thamani hii haitokani na dhahabu. Inatokana na sheria za kwanta zenyewe, na kila maabara duniani inaikuta palepale. Ukiendelea kuvuta, atomu ya mwisho inaachia, unabaki ufa mdogo, na ukiwa na bahati molekuli moja inarukia na kuziba daraja. Mstari wa umeme unashuka na kusimama tena kwenye ngazi ya chini zaidi. Ngazi hiyo ndiyo molekuli yako.

Halafu inakatika. Unarudia. Unarudia maelfu ya mara, unapanga matokeo yote kwenye grafu, na pale yanapojazana ndipo penye jibu. Kwa hiyo ukisoma kwamba "molekuli moja imepimwa", jua kwamba nyuma yake kuna rundo la vipimo vilivyokatika.

Kwa nini kurudia kote huko? Kwa sababu mshiko hautulii. Kundi la Mark Reed na James Tour lilipochapisha mwaka 1997 vipimo vya benzeni iliyoshikwa kwa salfa, lilipata ukinzani wa omu milioni nyingi. Xu na Tao, kwa molekuli ileile, wakapata chini ya milioni moja na nusu. Si kwamba kuna aliyedanganya. Salfa hukaa juu ya dhahabu kwa namna nyingi, na kila namna ina umeme wake. Mwaka 2006 kundi la Latha Venkataraman wa Columbia University lilionyesha kwamba vishikio vya naitrojeni vinatoa matokeo yanayokubaliana zaidi, na tangu hapo kutofautisha tabia ya molekuli na tabia ya mshiko kukawa rahisi.

Bila hatua hiyo tusingeweza kuamini yanayofuata. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi na Denmark walilinganisha molekuli mbili zenye urefu karibu sawa. Ya kwanza ina pete tatu zilizoungana. Ya pili inafanana nayo, ila kwenye pete ya katikati zimechomoza atomu mbili za oksijeni, moja kila upande, kama masikio. Oksijeni hizo haziko njiani; umeme hauhitaji kupita kwao. Hata hivyo upitishaji wa molekuli yenye masikio ulikuwa chini kwa takribani mara mia. Ukitaka kuelewa, fikiria sailensa ya gari. Baadhi ya vyumba vilivyomo ndani yake havielekei popote. Sauti inaingia humo, inagonga ukuta, inarudi kwenye bomba kuu ikiwa imepinduka na kulifuta wimbi linalokuja. Oksijeni ile ni chumba cha namna hiyo.

Mwaka huohuo kundi la Venkataraman lilipima upande wa pili wa shilingi: molekuli yenye viunzi viwili sambamba, dhidi ya nusu yake yenye kiunzi kimoja. Fundi wa umeme angetabiri mara mbili. Walipata zaidi ya mara mbili. Haikufika mara nne, kwa kuwa kila kiunzi humsumbua mwenzake kidogo, lakini kuzidi mbili kulitosha.

Tokeo ninalolipenda zaidi lilitoka mwaka 2018, kwa ushirikiano wa Marekani, Denmark na China. Walitengeneza molekuli ndogo ya silikoni iliyojikunja kama kibanda, yenye urefu usiofika nanomita moja, ambamo kufutana kunatokea hadi kwenye kile kiunzi cha bondi tulichosema huvujisha. Upitishaji wake ulikuwa mdogo kuliko wa ufa mtupu wa upana uleule. Yaani ukiacha nafasi wazi kati ya ncha mbili, usiweke kitu chochote, umeme utapenya kwa urahisi zaidi kuliko ukiweka molekuli hiyo. Kitu kinazuia kuliko utupu.

Wahandisi walilisikia hilo kwa masikio mawili, kwa sababu uvujaji ni ugonjwa wa transista ndogo: ukizifunga, elektroni zinapenya hata hivyo. (Kwa njia, "nanomita 3" inayoandikwa kwenye matangazo ya chipu ni jina la kizazi cha teknolojia. Ukipima sehemu za transista hizo, nyingi ni kubwa kuliko hapo mara kadhaa.) Transista inayofungwa kwa mwingiliano wa mawimbi haitegemei unene wa ukuta. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba kwa kubadili volti ya lango (ncha ya tatu ya kudhibiti umeme) lililo kwenye kimiminika kinachoizunguka molekuli, unaweza kuisogeza nishati ya elektroni mpaka pale mawimbi yanapofutana na umeme kuzama kama shimoni, na kuitoa, huku ukipima umeme ukizama na kupanda. Karibu na shimo hilo upitishaji hubadilika ghafla kwa badiliko dogo la nishati, na ndiyo maana wanaotafuta vifaa vya kugeuza joto kuwa umeme nao wameingia kwenye uwanja huu. Wanachohitaji ni mteremko mkali wa namna hiyo.

Arieh Aviram na Mark Ratner ndio waliopendekeza kwenye karatasi, mwaka 1974, kwamba molekuli moja inaweza kufanya kazi ya kifaa cha umeme. Nusu karne baadaye swali la iwapo mawimbi ya elektroni yanaingiliana humo ndani limefungwa. Lililobaki wazi ni la fundi: chipu inahitaji mabilioni ya mishiko inayofanana na kudumu miaka, na kwenye joto la chumbani atomu za dhahabu zilizo nchani hazikai zilipowekwa. Daraja nyingi za molekuli katika njia ya Xu na Tao hudumu sehemu ya sekunde, kisha dhahabu inaachia.